Chumba cha Mama Luisa

Mansuetus alikuwa fundi wa mashine za kumenya kahawa, zile za mkono zenye gurudumu kubwa la chuma, na enzi ambazo chama cha ushirika kilikuwa hai hapakuwa na mlima karibu na Litembo ambao hakuupanda na sanduku lake la spana begani. Chama hakikufa kwa kishindo. Siku moja mlinzi wa ghala hakuja kazini, baadaye kidogo mlango wa ghala ukang'olewa, kisha wakaanza kupita wanunuzi binafsi na malori yao, wakinunua kwa waliyempenda na kumruka waliyemchoka. Watu walisema ndizo zama za ruksa. Wenye kahawa walipokata tamaa, hakuna aliyehitaji tena kutengenezewa mashine. Mansuetus akarudi kwenye ngoro zake, yale mashimo ya kilimo cha mlimani, alimopanda mahindi na maharage, na muda uliobaki akautumia kutengeneza vitu vya nyumbani ambavyo kwa miaka mingi alikuwa akivipita tu: mlango uliolia, kigoda kilichoyumba, bati lililovuja juu ya kinu.

Aliyefurahi ni mkewe, Benadetha. Kwao Benadetha ni Kihagara, chini ziwani, kwenye joto. Aliletwa milimani akiwa msichana, na tangu hapo hakuacha kuisema baridi ya Umatengo, ila aliisema kwa mzaha.

"Ninyi mlipanda huku juu mkikimbia vita," alikuwa akimwambia mumewe. "Vita vimekwisha. Mnangoja nini kushuka?"

Baridi hiyo ndiyo iliyomfundisha ufundi wake. Mitumba ilipoanza kumiminika Mbinga kwa marobota, wanawake wenzake waligombania nguo nzima. Yeye alichakura pembeni, penye masweta yaliyotoboka viwiko, ambayo muuzaji alikuwa karibu kuyatupa. Akifika nyumbani huyafumua, huuzungusha uzi kwenye miguu ya kigoda kilichopinduliwa, huufua, huuanika, kisha hufuma upya: soksi, kofia, visweta vya watoto wachanga wa jirani. Sindano za kufumia alichongewa na Mansuetus kutoka kwenye spoku za baiskeli. Mvua ikinyesha wawili hao walikaa jikoni, mke akifuma, mume akipiga tupa, sufuria ya maharage ikitokota katikati yao. Binti yao wa pekee, Luisa, alikuwa ameolewa Mkumbi. Nyumba ilikuwa kimya, na ukimya wake ulikuwa mtamu.

Ugonjwa ulianzia mguuni. Benadetha alikuwa akijikwaa pasipo na kisiki, akicheka. Baadaye akaanguka na ndoo kisimani, na hapo hakucheka. Mansuetus alimpakia kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli akamsukuma hadi hospitali. Mtawa mmoja alimpima kwa muda mrefu, akamgongagonga magoti, akamwomba akaze vidole. Kisha akawaambia bila kuzunguka kwamba mishipa inayoipa misuli amri ilikuwa inakufa mmoja baada ya mwingine, na kwamba dawa yake haikuwepo pale wala kwingine kokote. Akili itabaki nzima, alisema. Aliyasema hayo kama faraja.

Walirudi nyumbani. Kesho yake asubuhi Mansuetus alitoa sanduku lake.

Kwanza alivuta kamba ya katani kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi chooni, akaifunga kwenye nguzo alizozisimamisha mwenyewe, kwa urefu wa kiuno cha Benadetha. Benadetha aliishika kamba akazunguka nayo kama mtu anayevuka mto. Alivuka hivyo majira yote ya kupalilia. Kahawa ilipoanza kuiva, miguu ikakataa kabisa, kamba ikabaki ya kuanikia nguo.

Akatengeneza kiti. Magurudumu yalitoka kwenye baiskeli yake mwenyewe, maana hapakuwa na nyingine, na mbao alizipata kwa kuvunja kabati. Alikitengeneza vizuri, akakipiga msasa mpaka mikono ya kiti ikateleza kama sabuni. Lakini alipokimaliza, mgongo wa Benadetha ulikuwa umekwishalegea, akawa hawezi kukaa bila kuinama upande kama mche uliopandwa vibaya. Mansuetus akaongeza mkanda wa kifuani, kisha egemeo la shingo. Akaja kuelewa kwamba ugonjwa ulikuwa na miguu mirefu kuliko mikono yake, na kwamba kila atakachokitengeneza kitafika siku ambayo hakihitajiki tena. Hakuacha. Angeacha, angefanya nini kingine?

Alipoona mkewe sasa ni wa kitandani tu, akakigeukia chumba. Alibomoa chini ya dirisha tofali moja moja hadi likashuka usawa wa godoro, ili Benadetha aone ua, kuku, na njia inayopanda kutoka mtoni. Ukuta akaupaka udongo mweupe alioutoa bondeni, kwa sababu ukuta wa zamani ulikuwa mweusi kwa moshi na Benadetha alisema unamtazama vibaya. Aliweka matofali mawili ya kuchoma kwenye majivu ya moto kila jioni, akayazungushia gunia, akayasukuma chini ya blanketi penye nyayo zake. Mfereji wa bati aliugeuza ili maji ya mvua yaangukie kwenye pipa karibu na dirisha.

"Sikiliza," Benadetha alisema mvua ya kwanza ilipoanguka ndani ya pipa. "Kama ziwa likipiga mchanga wa kwetu."

Mansuetus alilishika neno hilo. Kumbe alilishika kuliko ilivyotakiwa.

Wakati huo Benadetha alikuwa na kazi mkononi. Kwa mwaka mzima alikuwa akikusanya uzi wa masweta ya kila rangi, na alikuwa akifuma blanketi la vipande, kila kipande ukubwa wa kiganja cha mwanamume. Vidole vilianza kumwangusha. Sindano ilikuwa ikimtoka, anaiokota. Inamtoka, Mansuetus anamwokotea. Siku moja ilianguka na hakuiangalia.

"Baba Luisa," alisema. "Njoo ukae hapa."

"Nikushike mkono?"

"Ushike sindano."

"Mimi?"

"Kuna nani mwingine humu ndani? Kuku?"

Basi Mansuetus, ambaye vidole vyake vilizoea nati na bolti, akafundishwa kufuma na mke aliyelala chali. Ingiza. Zungusha. Vuta. Angusha. Siku za kwanza alikaza uzi hata vitanzi vikagoma kusogea, na Benadetha akawa anamwambia, "Hiyo si spana, baba. Usiikaze. Iache ipumue." Akikosea, alifumua yote akaanza upya, na mkewe hakumwonea huruma hata kidogo. Alikuwa mwalimu mkali. Mansuetus aliupenda ukali huo, kwa sababu ulikuwa sauti ya mtu asiyeumwa.

Jirani yao Kilian aliingia siku moja kuazima jembe, akamkuta mwanamume mwenye mvi ana uzi wa waridi magotini. Alicheka mpaka akashika mlango.

"Shemeji Benadetha, umemroga mzee!"

"Kaa hapo nikuroge na wewe," Benadetha alimjibu, ingawa ulimi ulikuwa umeanza kuwa mzito na maneno yalitoka yamelowa.

Kilian aliusikia ule uzito. Kicheko kikamkauka. Tangu siku hiyo alikohoa tangu njiani kila alipokuja, ili kumpa mwenzake nafasi ya kuficha sindano. Mansuetus hakuzificha.

Sauti iliondoka kidogokidogo. Kwanza ilikuwa ya mlevi, kisha ya mtu anayeongea chini ya maji, kisha Mansuetus peke yake ndiye aliyeielewa, kisha hata yeye akashindwa. Hapo wakakubaliana juu ya macho. Akiyafumba ni ndiyo. Akiyageuzia ukutani ni hapana. Kwa hayo mawili waliishi. Mansuetus alimwinulia madonge ya uzi, donge moja baada ya jingine, amchagulie rangi ya kipande kinachofuata, na Benadetha mara nyingine alichagua kwa makusudi rangi mbaya kuliko zote, kijani cha kamasi kando ya zambarau, halafu macho yake yakajaa kicheko. Blanketi lilikuwa likienda upande. Pembe moja ilikuwa ndefu kuliko nyingine. Lilipotosha kumfunika kifua hadi magoti, Mansuetus alilitandika juu yake, na Benadetha alilitazama kwa muda mrefu, kisha akayafumba macho.

Ndani ya chumba kile, kwa majuma machache, ungesema walikuwa na maisha. Alimlisha uji wa ulezi mwembamba kwa kijiko alichokipinda shingo ili usimwagike. Alimsomea majina ya waliopita njiani: mama Nazari huyo, ana mzigo wa kuni, watoto wa shule hao, wamechelewa. Alijua akimgeuza ubavu wa kushoto atapumua vizuri zaidi, na kwamba mto lazima ukunjwe mara mbili. Hapakuwa na tumaini lolote, na wote wawili walijua. Ila kulikuwa na dirisha, na matofali ya moto, na uji usiomwagika.

Kisha Juni ikaja.

Mwaka ule ukungu ulilala juu ya Litembo kama ng'ombe mgonjwa, haukuinuka hata adhuhuri. Benadetha alipata kikohozi asichoweza kukikohoa. Makohozi yalimkwama kooni, uso ukawa wa majivu, na Mansuetus akawa anamwinua na kumpiga mgongo kwa kiganja mpaka yatoke. Luisa alikuja kutoka Mkumbi kumwona, akalia nje ya nyumba, akafuta uso, akaingia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Baba, baridi hii itammaliza. Mpeleke Kihagara kwa mama mdogo Vitalia. Kule kuna joto. Na ni kwao. Lori la mahindi linashuka wiki hii, nimeongea na dereva."

Mansuetus alitazama chumba chake. Alikumbuka lile neno la ziwa na mchanga. Akamwinamia mkewe.

"Mama Luisa. Unataka kwenda ziwani?"

Kikohozi kilikuwa kimemshika wakati huohuo. Benadetha alifumba macho.

Kufumba kulikuwa ndiyo. Kikohozi kilipotulia Mansuetus angeweza kumwuliza tena, maana ilikuwa desturi yake kuuliza mara mbili kwa mambo makubwa. Safari hii hakuuliza. Jibu alilolipata ndilo alilolitaka.

Dereva alisema kiti hakitaingia, magunia yalikuwa yamejaa hadi juu. Matofali hakuna aliyeyataja. Walimlaza Benadetha juu ya mahindi, amezungushiwa blanketi lake la vipande, kichwa mapajani mwa mumewe, na lori likaanza kuteremka kona kwa kona. Kila walipoteremka hewa ilizidi kuwa nzito na yenye uvuguvugu. Walipofika tambarare, jasho lilikuwa likimtoka Benadetha shingoni, na Mansuetus alilikunja blanketi akaliweka pembeni. Halikuhitajika tena.

Vitalia aliwapokea kwa vilio na mikono miwili. Alikuwa mwanamke mwema, na nyumba yake ilikuwa na wema wa kutosha kijiji kizima: shangazi, mabinti, wakwe, watoto wasiohesabika. Walimchukua Benadetha kutoka mikononi mwa mumewe kabla hajakanyaga chini.

"Shemeji, umechoka," Vitalia alisema. "Umefanya kazi ya wanawake vya kutosha. Nenda ukakae na wanaume. Sisi tupo."

Chumba walichompa kilikuwa safi, na dirisha lilikuwa juu, karibu na paa, kwa ajili ya kukwepa jua. Mansuetus aliwaeleza juu ya macho. Kufumba ni ndiyo. Kugeuza ni hapana. Waliitikia kwa vichwa, wakamhurumia, na hawakuamini. Kwao mgonjwa asiyesema ni mgonjwa asiyesikia. Waliongea juu ya uso wake, walimlaza ubavu ambao si wake, walimpa supu ya samaki yenye unga mzito, akapaliwa. Akigeuza macho walisema anaona usingizi. Mansuetus akiingia, walisimama kwa adabu wakimngoja atoke.

Siku ya tatu vijana walimbeba Benadetha na mkeka wake hadi ufukweni akaone kwao. Ziwa lilikuwa limetulia, bluu mpaka kwenye milima ya upande wa pili. Usipa, dagaa wa ziwa lile, walikuwa wameanikwa juu ya mchanga, waking'aa kama sindano. Walimwegemeza kwenye gogo, wakamfuta jasho. Vitalia akapiga magoti kando yake.

"Dada, umefika nyumbani! Tazama maji yetu!"

Machozi yalikuwa yakimtiririka Benadetha mpaka kidevuni. Wanawake wote wakaguswa. "Amefurahi," walisema, "masikini, amefurahi sana."

Mansuetus alikuwa amesimama nyuma ya wanaume. Alipenya katikati yao, akamsogeza Vitalia kwa bega bila kuomba radhi, akachuchumaa mbele ya mkewe ili macho yao yakutane.

"Unaumwa mahali?"

Macho yaligeuka pembeni.

"Unawalilia wazazi wako?"

Pembeni.

"Unataka nyumbani?"

Benadetha aliyafumba macho.

"Hapa? Kihagara?"

Pembeni.

"Kwetu kule? Chumbani kwako?"

Aliyafumba, akayabana, akakaa nayo hivyo kwa muda mrefu kama mtu anayeshikilia mlango usifunguliwe na upepo. Na Mansuetus hapo, mbele ya shemeji zake wote, akalijua alilolitenda. Mwanamke huyu hakuwahi kutaka ziwa. Alitaka mlio wa mvua ndani ya pipa, akiwa amelala pale alipolala.

Alikwenda kutafuta lori siku hiyohiyo. La mahindi lilikuwa limekwishapanda. Mwenye pikapu aliyekuwepo alisema spea anaisubiri kutoka Songea. Mansuetus alijitolea kuitengeneza, akalala chini ya gari hilo siku nzima, akatoka amepakaa grisi mpaka masikioni, lakini kilichovunjika kilikuwa kitu kisichochongeka kwa tupa. Wakati huo Benadetha alikuwa hamezi tena hata maji. Vitalia alimfuata Mansuetus kisimani alipokuwa akinawa.

"Shemeji, hata gari lingepatikana, huyu hapandi tena mlima ule. Atakufia njiani. Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Basi?"

Mansuetus alikung'uta maji mikononi. Alirudi ndani, na safari hii hakutoka. Aliwaambia wanawake kwa sauti ya chini kwamba atakaa yeye, na uso wake ulikuwa namna ambayo hakuna aliyebishana. Alikunja mto mara mbili. Alimgeuza ubavu wa kushoto. Alikata matete, akasuka pepeo pana, akampepea, na kitambaa chenye maji akakiweka midomoni mwake. Hicho ndicho kilichobaki kutengenezwa.

"Kesho lori linakuja," alimwambia.

Benadetha aligeuza macho ukutani.

"Dereva ameniahidi. Tutaondoka asubuhi, mapema, kabla ya jua."

Ukutani. Aliendelea kumwambia hivyo kila siku, na kila siku mkewe alimjibu hapana, na hakuna hata mmoja kati yao aliyechoka na maneno hayo. Alikata roho asubuhi moja wanawake wakiwa ziwani wanaosha vyombo. Mansuetus hakujua ni wakati gani hasa. Aliendelea kumpepea kwa muda, kisha akaona nywele zinatikisika lakini kifua hakitikisiki, akaliweka pepeo chini.

Walimzika kwa ndugu zake, kwenye udongo wa mchanga, baada ya misa ndefu yenye nyimbo nzuri. Vitalia aliomba blanketi libaki kwake kwa ukumbusho. Mansuetus akampa.

Lori lilikuja baada ya matanga. Alipanda juu ya magunia ya usipa, harufu yao ikamfuata kona zote. Luisa alikuwa akimngoja barabarani, amejifunga kanga mbili kwa baridi, macho yamevimba. Hakuwa amewahi mazishi. Habari ilimfikia imechelewa. Alimshika baba yake mkono akamshusha taratibu.

"Pole, baba."

"Pole na wewe, mama."

Walitembea kidogo. Ukungu ulikuwa bado haujainuka, miti ya kahawa ilionekana nusu. Luisa alikuwa na swali, na Mansuetus aliliona linakuja.

"Baba, aliliona ziwa?"

"Aliliona."

"Alifurahi?"

Mansuetus alimtazama binti yake, aliyelitafuta lile lori kwa mikono yake mwenyewe. Akarekebisha kifurushi begani.

"Lilikuwa limetulia siku ile," alisema. "Tuliona mpaka ng'ambo. Twende, mama, utashikwa na baridi."